Mgao wa Kaunti Ukipunguzwa, Makasi Hukata Wapi?

Tarehe 26 Juni 2024, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni, Rais William Ruto alitangaza kwamba hangetia saini Mswada wa Fedha. Ushuru mpya uliopendekezwa humo ukaanguka na Hazina ya Kitaifa ikabaki na pengo. Wachache walitambua kwamba sehemu ya pengo hilo ingezibwa kwa pesa za zahanati, masoko na mitaro ya miji yetu.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kaunti zote 47 zilikuwa zimepanga bajeti zikitegemea mgao wa Sh400.1 bilioni, uliokwisha kupitishwa kuwa sheria. Serikali kuu ikataka ushushwe hadi Sh380 bilioni. Seneti ikakataa, mvutano ukafika kwa kamati ya upatanisho, na ni Desemba ndipo pande mbili zilipokubaliana Sh387.4 bilioni. Nusu ya mwaka ilikuwa imekwenda.

Ibara ya 203 ya Katiba inazipa kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Lakini asilimia hiyo hupimwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge, si kwa makusanyo ya mwaka huu. Ndiyo maana mgao unaweza kupunguzwa kwa mabilioni na Katiba isivunjwe.

Kutoka Sh400.1 bilioni hadi Sh387.4 bilioni ni upungufu wa asilimia 3 hivi. Unaonekana mdogo. Tuchukue basi kaunti ya kubuni yenye bajeti ya Sh10 bilioni. Mishahara ni Sh5 bilioni, na haiguswi kwa kuwa wafanyakazi wana mikataba na vyama vya kuwatetea. Madeni, umeme na bima ni Sh2.5 bilioni. Miradi ambayo wakandarasi wamekwisha kuianza ni Sh1.5 bilioni. Imebaki Sh1 bilioni. Ondoa Sh300 milioni: ni asilimia 3 ya bajeti nzima, lakini ni asilimia 30 ya fungu pekee linaloweza kupunguzwa.

Na ndani ya fungu hilo mna nini? Mafuta ya malori ya taka, vibarua wanaofagia barabara, ukarabati wa taa za mitaani, basari, maktaba, makao ya wanawake waliokimbia kipigo, mashindano ya vijana mashinani. Hayana mkataba wala chama, na hakuna atakayeishtaki kaunti yakikosa pesa. Kwa hiyo makasi huanzia hapo.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa wahamasishaji wa afya ya jamii. Mpango wao ulizinduliwa upya Septemba 2023, ukiwa na watu wapatao 100,000 nchini. Posho ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Upande mmoja ukichelewa, mwingine haulazimiki kuziba. Mama anayepita nyumba kwa nyumba kupima presha akikosa nauli, hapiti. Mgonjwa ambaye angegunduliwa mapema atafikishwa hospitali ya rufaa akiwa amepooza, na gharama ya kumtunza itapita mbali posho iliyozuiliwa. Huko si kubana matumizi hata kidogo.

Majiji yana udhaifu wa ziada. Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, miezi ileile mgao ulipokuwa ukigombaniwa. Hadhi haikuja na mgao wake. Bodi ya Eldoret, kama zile za Nakuru na Kisumu, hutegemea kile ambacho kaunti itaipa, na kaunti yenyewe imepungukiwa. Hapo ndipo kanjo, yaani askari wa kaunti, huwa wakali: ada za maegesho, kodi ya ardhi na ushuru wa soko hufuatwa kwa nguvu, na mama mboga hulipa zaidi huku taka zikirundikana kando ya kibanda chake.

Kuchelewa nako ni kupunguza. Ibara ya 219 inataka pesa za kaunti zifikishwe bila kucheleweshwa pasipo sababu na bila kukatwa, ilhali Baraza la Magavana limelalamikia ucheleweshaji mara nyingi, hata kutishia kusitisha huduma. Pesa zikifika Juni, hakuna muda wa kutangaza zabuni ya dawa.

Hata hivyo sizitetei kaunti zote. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, zimekosoa mara kwa mara matumizi makubwa ya safari. Gavana anayelia kwamba mgao ni mdogo huku msafara wake ukibaki ulivyokuwa amechagua mwenyewe nani aumie.

Uchaguzi huo hufanywa katika bajeti ya ziada, ambayo bunge la kaunti hupitisha mwaka ukiwa tayari unaendelea, mara nyingi bila kelele. Ni hati ya umma. Itakaposomwa katika kaunti yako, mwulize mwakilishi wadi wako swali moja: ni fungu gani limepunguzwa, na la safari limebaki shilingi ngapi?