Jongo na Matunda Yetu

Usiku kidole gumba cha mguu huvimba na kuuma. Hata shuka likikigusa, mtu hulia. Ugonjwa huu ni jongo. Huletwa na asidi ya yuriki ikizidi mwilini na kuganda kwenye viungo.

Lushoto tunalima mapeasi, plamsi na mapichi. Je, mgonjwa wa jongo ale? Ndiyo, ale. Tunda zima hushibisha.

Mzee asiye na meno apondewe rojo. Lakini tuangalie! Rojo hunyweka upesi. Mtu humaliza matunda manne bila kujua. Sukari ikizidi, huongeza asidi hiyo. Basi apewe kikombe kidogo, tusitie sukari.

Hatari kubwa zaidi ni pombe, maini, figo na dagaa. Mgonjwa aende zahanati mapema.