Kalemie: Kilometa 21 za vilima kwa miguu iliyochoka tangu jana

Jumapili, saa kumi na moja na nusu asubuhi, tulikuwa watu wanne karibu na daraja la mto Lukuga. Hakukuwa na kamba ya kuanzia wala medali, na hakuna polisi aliyefunga barabara. Akina mama wa kwanza walikuwa tayari wanapita na mabeseni ya ndagala kichwani, na mmoja akatuuliza tunamkimbia nani. Tulicheka, kisha tukaondoka. Mbele yetu kulikuwa na kilometa 21 na mita 100, yaani nusu marathoni, na sehemu kubwa ya njia tuliyoichagua ilikuwa kupanda na kushuka vilima vinavyouzunguka mji wa Kalemie.

Kitu ambacho mama yule hakukijua ni kwamba miguu yetu ilikuwa imechoka kabla ya kuanza. Jumamosi tulikuwa tumeendesha kinga, kama tunavyoita baiskeli hapa kwetu, kilometa 60. Ijumaa tulikuwa tumeogelea ziwani. Tunajizoeza triatloni, mchezo unaounganisha kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, bila kupumzika katikati. Uliingia kwenye Michezo ya Olimpiki huko Sydney mwaka 2000, na mwanariadha wa Olimpiki anaogelea kilometa 1.5, anaendesha kilometa 40, kisha anakimbia kilometa 10.

Kuna aina nyingine iliyo ndefu zaidi, na ndiyo iliyotuvuta sisi. Agosti 2022, mashindano ya Ironman 70.3 yalianza kufanyika Rubavu, nchini Rwanda, pembeni ya Ziwa Kivu. Mshindani anaogelea kilometa 1.9, anaendesha baiskeli kilometa 90, na mwishoni anakimbia kilometa 21.1. Nusu marathoni, ambayo kwa watu wengi ni mashindano kamili, pale ni sehemu ya kumalizia tu. Kwa hiyo miguu iliyochoka si bahati mbaya katika mchezo huu. Ndiyo mtihani wenyewe.

Rubavu imepakana na Goma, mji wa Kongo. Lakini mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23, na kwa kijana wa Kalemie safari ya kwenda upande ule si habari ya michezo peke yake. Tulikubaliana kwamba swali la kwenda au kutokwenda tuliache kwanza. Kujitayarisha, hilo tunaweza kulifanya hapa hapa.

Na Kalemie haikosi mahali pa kujitayarisha. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zaidi ya 670. Tunaogelea asubuhi, kabla ya upepo kuamka, mahali wavuvi wanapotuonyesha, kwa sababu mamba na viboko wapo na hakuna anayewajua kuliko mvuvi. Maji hatuyamezi: mji huu unaijua kolera vizuri mno. Vilima navyo ni mali. Huko Kirotshe, karibu na Ziwa Kivu, vijana waliwahi kufundishwa mbio na Makorobondo Salukombo, aliyeishi eneo la Cleveland, Marekani, na kuikimbilia Kongo marathoni ya Rio mwaka 2016. Katika michezo hiyo hiyo Beatrice Kamuchanga alikimbia mita 5,000. Vilima vya mashariki ya nchi vimeshatoa watu.

Sasa turudi barabarani. Kilometa sita za kwanza, ambazo ni tambarare, tulizimaliza kwa dakika 33. Hewa ilikuwa baridi, ziwa lilikuwa limetulia, na miguu ilinidanganya kwamba imesahau kinga ya jana. Aliyetuongoza alikuwa rafiki yetu mwenye nguvu kutupita sote, kijana anayeishi kwa kazi ya taksi ya pikipiki. Alikuwa ameweka saa yake ahesabu saa moja na dakika 50. Sisi wengine tulimfuata bila kuulizana.

Kilima cha kwanza kikatuuliza. Mapaja yakawa mazito kama yamefungiwa mifuko ya mchanga, pumzi ikaanza kukatika, na jasho likaingia machoni. Katikati ya mpando nilimkuta mzee mmoja akisukuma kinga iliyobeba mifuko mitatu ya makala. Alikuwa anaenda polepole, hatua fupi fupi, kifua kimeinamia mizigo. Nilimpita, nikasimama kuvuta pumzi, naye akanipita. Nikakimbia tena, nikampita, nikasimama tena. Mara ya tatu aliniangalia kwa huruma: "Mwana, unakimbilia mulima sawa vile itahama?"

Tangu pale niliacha kuangalia saa. Nilifupisha hatua kama yeye, na palipokuwa pakali zaidi nilitembea. Niliona haya kidogo, kwa sababu kwetu mtu anayetembea katika mbio anahesabiwa ameshindwa. Lakini pumzi ilirudi, na juu ya kilima nilifika nikiwa bado na miguu ya kushukia.

Kushuka ndiko kunakowaponza wengi. Tunafikiri mpando ndio unaoumiza na mteremko ni zawadi. Ukweli ni kwamba mtu akishuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki: inavutwa huku inajikaza, na nyuzi zake ndogo zinachanika. Ndiyo maana maumivu makubwa ya misuli huja siku moja au mbili baadaye, wakati wa kushuka ngazi au kuchuchumaa. Msuli uliopumzika unavumilia. Msuli uliosukuma kinga kilometa 60 jana, na ambao sukari iliyohifadhiwa ndani yake haijarudi yote, unachoka mapema, na hapo goti na nyonga zinapokea pigo ambalo si lao.

Rafiki yetu alishuka kama mtu anayedaiwa. Nilimuona kwa mbali kwenye kilometa ya 14, mikono imepanuka, nyayo zinapiga chini kwa kishindo. Kwenye kilometa ya 17 nilimkuta amekaa kando ya barabara, ameshika paja la kulia kwa mikono miwili. Alikuwa amesikia kitu kinakatika, akaendelea kilometa moja nzima kwa sababu saa yake ilikuwa bado inamwambia anaweza. Alirudi nyumbani amepakiwa nyuma ya pikipiki ya mwenzake wa kazi. Mimi nilimaliza kwa saa mbili na dakika 21, nikiwa nyuma sana ya nilichokitaka, lakini kwa miguu yangu.

Hapa ndipo habari hii inapoacha kuwa ya michezo tu. Katika nchi nyingine mtu akiumia msuli anaenda kwa daktari wa michezo, na mshahara wake unaendelea. Rafiki yetu alikaa wiki tatu bila kupanda pikipiki. Mguu wa kulia ndio anaoutumia kuwasha pikipiki na kukanyaga breki ya nyuma. Pikipiki si yake, na mwenyewe anangoja pesa yake kila siku. Nyumbani ana watoto wawili. Bukari ya wiki tatu ililipwa na mke wake aliyeuza ndagala, na kwa deni. Yote hayo kwa mbio ambazo hakuna aliyetuandikisha.

Tulikaa tukazungumza, na kosa tuliliona kuwa letu sote. Hatukuulizana kabla ya kuanza: leo ni mazoezi au ni mashindano? Kama ni mashindano, siku mbili au tatu za mwanzo mtu anapunguza kazi, analala, anakula vizuri, anaacha kinga nyumbani. Kama ni mazoezi ya kuizoesha miguu uchovu, basi saa haina kazi. Kipimo ni pumzi: kwenye mpando uweze kumwambia mwenzako sentensi fupi, ukishindwa, tembea. Kwenye mteremko hatua ziwe fupi na za haraka, mwili usiegemee nyuma, kisigino kisitangulie kupiga chini. Unywe maji safi njiani, ule kitu kabla njaa haijakukuta. Na maumivu yana lugha mbili. Uchovu unauma miguu yote miwili na unakuja polepole. Jeraha linauma mahali pamoja, ghafla. La pili halibembelezwi.

Kuyaunganisha mambo hayo mawili, kuchosha miguu Jumamosi kisha Jumapili kudai muda wa mtu aliyepumzika, ni kutafuta faida mbili kwa mtaji mmoja. Mzee wa makala anajua hesabu hiyo kuliko sisi. Kesho yake anarudi kwenye kilima kile kile, na keshokutwa pia. Hana ruhusa ya kukimaliza leo kwa nguvu zote.

Jumapili iliyopita tulirudi kwenye daraja la Lukuga. Rafiki yetu alikuja pia, akichechemea kidogo, na bidoni ya maji aliyoichemsha mke wake. Hatakimbia kwa sasa. Alisema atatungoja kwenye kilometa ya 10. Kabla hatujaondoka alitupanga mstari kama mwalimu wa shule, akatuuliza mmoja mmoja: "Leo ni mazoezi ao ni mashindano?" Sote tulijibu mazoezi. Akatutazama bila kucheka, akasema tumpe saa zetu azitunze.