Kipima Kina Ndani ya Mtumbwi wa Ziwa Victoria

Kipima kina hutuma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake. Chini ya chombo hufungwa kifaa chenye kipande cha seramiki, ambacho hutetemeka kikipitiwa na umeme. Mtetemo hushuka, hugonga tope, mwamba au samaki, kisha hurudi. Katika maji ya ziwa yenye nyuzi joto 25, sauti husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukichukua sekunde 0.04, kina ni mita 30, maana sauti imekwenda na kurudi.

Ziwa Victoria halina kina kikubwa: wastani ni mita 40, na penye kina zaidi ni takriban 80. Kifaa kidogo cha kilohezi 200 kinatosha kabisa; mawimbi ya kilohezi 50 ni ya bahari kuu.

Kinachowapoteza wengi ni kioo cha kifaa. Ukingo wa kulia ndio sasa hivi. Yote ya kushoto yameshapita. Mtumbwi ukitembea, samaki huchora upinde, kwa kuwa umbali wake hupungua kisha huongezeka. Mtumbwi ukisimama, samaki mmoja aliyetulia huchora mstari mrefu, na asiyekizoea kifaa hudhani amekuta kundi. Tena sauti haioni pembeni: ikitoka kwa pembe ya nyuzi 20, kwenye kina cha mita 30 humulika duara la upana wa mita 10 hivi tu.

Mwangwi mkubwa wa samaki hutoka kwenye kibofu chake cha hewa, si kwenye nyama. Ndiyo maana sangara mkubwa huonekana wazi, na dagaa wengi hufanana na wingu. Vipicha vya samaki ambavyo baadhi ya vifaa huonyesha ni makisio tu. Mapovu nayo huweza kuvileta. Hata watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, na wenzao wa Kenya na Uganda, wanaopima samaki wa ziwa hili kwa mwangwi tangu 1999, hushusha nyavu kuhakikisha.

Faida kubwa ya kipima kina ipo kwenye miezi ya joto, takriban Oktoba hadi Machi. Maji ya juu hupata joto yasichanganyike na ya chini, ambayo hupungukiwa oksijeni, na samaki hupanda. Kioo kikionyesha chini patupu, kutega wavu huko ni kupoteza mafuta. Mvuvi wa dagaa anayevua kwa taa usiku wa giza hahitaji sana kipima kina, kwani mwanga huwaita dagaa wenyewe.

Betri ya volti 12 inatosha. Kwenye mtumbwi wa mbao kifaa kifungwe nje, kwa sababu mbao hudhoofisha sauti; kiwe tezini, mbali na mapovu ya pangaboi. Mwenye fedha ya kitu kimoja anunue kwanza majaketi okozi. Kipima kina kifuate.