Neno la Aibu na Mahali Pake

Wanaodai kuwa kazi za sanaa zipigwe marufuku ili kulinda maadili hupenda kuuita ujadi uwe shahidi wao. Ushahidi wa Kajiado hauwafai sana. Wamaasai wa huko wana enkanyit, yaani heshima, na masharti yake ni makali. Lakini heshima hiyo hailifuti neno, bali hulipangia wakati na wasikilizaji. Mvulana anayekaribia kutahiriwa huimbiwa matusi ambayo siku nyingine yangezusha ugomvi. Siku hiyo matusi ni sehemu ya malezi: humchoma moyo ili asitikisike mbele ya kisu. Lakini mbele ya binti za hirimu zake, mzee huuchunga ulimi.

Kitengela mambo ni mengine. Mji huo wa njia ya Namanga umekusanya watu wa makabila mengi, na wimbo ukishaingia katika kanda au simu hauchagui tena msikilizaji. Hofu ya wazazi, basi, si ya kubezwa. Lililo na walakini ni dawa inayotolewa.

Mfano ulio wazi katika fasihi ya Kiswahili ni Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, ikapigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa ajili ya mambo ya ngono yaliyomo. Riwaya yenyewe yahusu nini? Yahusu msichana anayepigwa na baba yake, Zakaria, kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa hukua akiwaogopa wanaume. Apatapo uhuru hajui kuutumia, na mwisho hujiua. Waliokizuia kitabu walirudia kitendo cha Zakaria, na walionyimwa kukisoma ni akina Rosa wenyewe. Vifungu vya aibu vilionekana. Lawama iliyomo ndani yake haikuonekana.

Kenya nayo ina sheria ya filamu na michezo ya kuigiza iliyotungwa mwaka 1962, kabla ya uhuru. Aprili 2018 bodi ya filamu ilipiga marufuku Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu juu ya mapenzi ya wasichana wawili. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliiruhusu kwa siku saba, ionyeshwe kwa watu wazima waliotaka. Amri hiyo, pengine bila kukusudia, iliikaribia desturi ya Kajiado kuliko marufuku yenyewe: ilitaja siku, ikataja na watazamaji.