Mito ikikutana, jina huwa la nani?

Wanafunzi wetu wa Jiografia hufundishwa kueleza makutano ya mito kwa sentensi moja tu: ni mahali ambapo mito miwili huungana na kuwa mmoja. Jibu hilo hupata alama, na mtahini akaendelea na swali linalofuata. Lakini sentensi hiyo inaficha jambo ambalo mwalimu makini hana budi kuliuliza. Mito miwili ikiisha kuwa mmoja, huo mmoja huitwaje, na ni nani aliyeamua?

Nachukua mfano wa mbali makusudi, kwani ya karibu tumeyazoea mno hata hatuyaoni. Kaskazini kabisa mwa India, katika eneo la Ladakh, upo mji wa Leh uliojengwa kwenye mwinuko wa mita 3,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko ni jangwa la baridi. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 100, na shamba la shayiri hupata uhai wake kutokana na theluji na barafu inayoyeyuka milimani. Ukiifuata barabara kuu iendayo magharibi, baada ya kilomita 35 hivi utafika katika kijiji cha Nimmu. Hapo, bondeni chini ya barabara, hukutana mto Indus utokao Tibet na mto Zanskar utokao kusini baada ya kupenya korongo refu lenye kuta za mawe.

Picha ya mahali hapo niliwahi kuibandika ukutani darasani. Maji ya mto mmoja yalikuwa na rangi ya udongo na ya mwingine yalielekea kijani, nayo yalitiririka bega kwa bega kwa kitambo kabla ya kuchanganyika. Rangi hizo si za kudumu. Hutegemea msimu na tope ambalo kila mto umelikwangua njiani. Mwanafunzi mmoja alitaka kujua ni upi wenye maji mengi. Nikamwambia kwamba wakati wa kiangazi, barafu iyeyukapo, Zanskar ndio unaoleta maji mengi zaidi. "Basi, mwalimu, mbona baada ya hapo unaitwa Indus?" Mwenzangu mmoja wa chumba cha walimu aliniambia baadaye kwamba jambo hilo halimo katika silabasi. Waama halimo. Hata hivyo, naona lilistahili kipindi kizima.

Jibu la kwanza ni la vitabuni: Indus umesafiri mwendo mrefu zaidi kufika Nimmu. Jibu la pili ni la historia, nalo ndilo linalonivutia. Jina hili halikuteremka na maji kutoka milimani. Lilipanda kutoka chini, kwa watu wa nyanda tambarare walioujua mto ukiwa tayari mpana. Waliuita Sindhu. Waajemi wakatamka Hindu, Wagiriki wakasema Indos, na kutokana na matamshi hayo tukapata Hindi, India na jimbo la Sindh. Wenyeji wa nyanda za juu wana jina lao la kale, lenye maana ya mto utokao kinywani mwa simba, lakini ramani za dunia hazikulichukua.

Sisi wenyewe tumo katika hadithi hiyo. Bahari inayopiga fukwe za Mombasa na Lamu tunaiita Bahari ya Hindi, na unga tunaosongea ugali ni wa mahindi, ingawa nafaka yenyewe asili yake ni bara la Amerika. Kwa njia hiyo jina la mto ambao wengi wetu hatutauona kamwe limo vinywani mwetu kila siku. Zanskar, wenye maji mengi, haukubahatika hivyo. (Kwetu mambo huwa vingine: Athi ukikutana na Tsavo hakuna anayeshinda, bali mto hupewa jina jipya la Galana, kisha karibu na pwani ukaitwa Sabaki.)

Haki ya Zanskar huonekana waziwazi wakati wa baridi. Mwezi Januari na Februari mto huo huganda, na watu wa bonde lake wakaufanya barabara. Wameiita njia hiyo Chadar, yaani shuka. Kabla ya barabara ya magari kuchongwa korongoni, theluji ilipofunga njia za milimani, wazazi waliwapitisha watoto juu ya barafu hiyo kwa siku kadhaa ili wafike shule za Leh. Wanafunzi wanaolalamikia umande wa asubuhi wangefaa kulitafakari hilo.

Sasa tuache majina, tuingie katika maji. Tarehe 19 Septemba 1960, mjini Karachi, Waziri Mkuu Nehru wa India na Rais Ayub Khan wa Pakistan walitia sahihi mkataba uliosimamiwa na Benki ya Dunia. Mito sita iligawanywa: Ravi, Beas na Sutlej ikapewa India, Indus, Jhelum na Chenab, pamoja na mikono yake, ikapewa Pakistan. Hivyo Zanskar, unaoanza na kuisha ndani ya eneo linalotawaliwa na India, ulihesabiwa upande wa Pakistan kwa sababu tu unaingia katika Indus. India iliachiwa matumizi maalumu, kama vile maji ya nyumbani, kilimo cha kiasi na umeme. Chini kidogo ya Nimmu ipo leo mitambo ya umeme ya megawati 45, iliyozinduliwa mwaka 2014 baada ya Pakistan kuipinga.

Mkataba huo ulinusurika vita vya 1965, 1971 na 1999. Mnamo Aprili 2025, kufuatia mauaji ya watalii huko Pahalgam, India ilitangaza kuusimamisha. Nasi tulio kwenye chanzo cha Nile tunaujua uchungu wa mikataba ya maji, kwani ule wa 1929 Uingereza iliukubali kwa niaba yetu bila kutuuliza. Ila naona tofauti kubwa. Pakistan hutegemea mfumo wa Indus kunyunyizia takriban asilimia 80 ya mashamba yake, na hakuna bwawa huko Ladakh linaloweza kuuzuia mto huo mzima. Kinachoweza kukatwa kwa siku moja ni habari: leo maji yamefika kiasi gani, na kesho tutarajie mafuriko au la. Mkulima wa bondeni hupanda kwa kutegemea habari hizo.

Wala lawama zote zisiwekwe mlangoni pa jirani. Mwaka huohuo wa 2025, watu wa Sindh waliandamana kupinga mifereji mipya iliyopangwa kuchimbwa Punjab, ndani ya nchi yao wenyewe, na mpango huo ukasitishwa. Wana sababu ya kuogopa. Chini ya lango la maji la Kotri, sehemu kubwa ya mwaka hupita mto haufikishi baharini ila maji kidogo mno. Bahari imeingia mahali pake, na huko Thatta chumvi imeyameza mashamba ambayo mababu waliyalima mpunga.