Sehemu ya Kitu Gani? Somo la Hesabu katika Gunia la Viazi

Msafiri atokaye Makambako, mji zinapokutana barabara kuu iendayo Zambia na Reli ya Uhuru, akishika njia ya kusini hufika Njombe baada ya kilomita zipatazo 60. Hii ni nchi ya baridi, nchi ya chai, miwati na viazi mviringo. Katika biashara ya viazi hivyo kumekuwapo desturi ya kulijaza gunia hadi mdomoni, kisha kuliongezea kilemba kilichofungwa kwa kamba. Gunia la namna hiyo huitwa lumbesa. Kanuni za vipimo za Tanzania haziruhusu gunia la mazao lizidi kilo 100, na kilemba hicho ndicho kimpunjacho mkulima. Kinamfaa pia mwalimu wa hesabu.

Mwalimu na awape wanafunzi swali hili. Mkulima ameuza lumbesa yenye kilo 125 kwa bei ya gunia la kilo 100. Amepoteza sehemu gani ya viazi vyake? Wengi watajibu upesi kuwa ni robo, kwa sababu kilo 25 ni robo ya 100. Jibu hilo si sahihi. Viazi vya mkulima vilikuwa kilo 125, na 25/125 ni sawa na 1/5, yaani humusi. Hata hivyo, robo nayo ina mahali pake: mnunuzi aliyelipia kilo 100 amepata nyongeza ya 1/4 juu ya alicholipia. Kilo ni zile zile 25. Kilichobadilika ni kitu kizima kinachogawanywa.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa somo la sehemu. Asili hutuambia kitu kizima kimegawanywa mafungu mangapi yaliyo sawa. Kiasi hutuambia tumetwaa mafungu mangapi. Mwanafunzi asiyejiuliza "sehemu ya kitu gani?" atakariri kanuni bila ya kuzielewa.

Ili jambo hili lionekane kwa macho, mwanafunzi achore mstatili na kuugawa vipande vitano vilivyo sawa, kila kimoja kikiwakilisha kilo 25. Vipande vinne ni gunia halali. Cha tano ni kilemba. Kilemba kikilinganishwa na gunia halali ni 1/4. Kikilinganishwa na lumbesa nzima ni 1/5. Kisha ahesabu lumbesa nne: ni kilo 500, yaani magunia matano halali. Mkulima amelipwa manne. Gunia moja zima limekwenda bure.

Kosa la pili lionekanalo mara nyingi ni kujumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, hata 1/2 + 1/3 ikawa 2/5. Mwalimu asikimbilie kutaja kanuni. Kwanza aulize: 2/5 ni kubwa au ni ndogo kuliko nusu? Ni ndogo. Yawezekanaje, basi, mtu mwenye nusu debe ya mahindi aongezewe theluthi ya debe, kisha awe na pungufu ya nusu? Darasa likiisha kucheka, wanafunzi wachore ukanda wenye vyumba sita. Nusu ni vyumba vitatu, theluthi ni viwili. Jumla ni 5/6. Sasa wataona kwa nini hapana budi kutafuta asili moja: hatuwezi kuhesabu pamoja mafungu yasiyolingana ukubwa.

Mazoezi

1. Lumbesa ina kilo 120 nayo imeuzwa kwa bei ya kilo 100. Mnunuzi amepata nyongeza ya sehemu gani? Mkulima amepoteza sehemu gani?

2. Rudia hesabu hiyo kwa lumbesa ya kilo 150.

3. Katika mfano wetu tulipata 1/4 na 1/5. Zilinganishe na majibu yako ya swali la 1 na la 2. Je, waona utaratibu gani, nao unatokana na nini?

Mwanafunzi atakayelijibu swali la tatu kwa maneno yake mwenyewe amekwisha kuzielewa sehemu. Tena siku ya mauzo anaweza kusimama kando ya mzazi wake, akamwonyesha kilemba kinachukua kiasi gani cha jasho lake.