Ukumbi wa Azimio, Boma au Ngare Sero: Jumamosi Moja, Bajeti Tatu

Baba, mama na watoto wawili wa Ngarenaro, Arusha, wakitaka kuona nyumba ya kale na bustani nzuri, zipo sehemu tatu zisizozidi mwendo wa asubuhi moja. Zinatofautiana kwa gharama, na zaidi kwa kile mtakachorudi nacho nyumbani. Tuzipime kwa nauli, kiingilio, chakula na bustani.

Ukumbi wa Azimio

Nauli hakuna, mnakwenda kwa miguu hadi kwenye mzunguko wa Mnara wa Mwenge, Kaloleni. Katika ukumbi huu Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967, na Februari 5 Azimio la Arusha likatangazwa. Tangu 1977 ni makumbusho. Anayetafuta fahari ya macho hataipata: jengo ni dogo, na bustani ni ile ya duara inayozunguka mnara. Lakini mtoto anayesoma Azimio darasani ataingia mahali lilipozaliwa, na saa moja inatosha kabisa.

Boma la Wajerumani

Nauli ya daladala iliyotangazwa na LATRA Desemba 2023 kwa safari isiyozidi kilomita 10 ni shilingi 600. Hata watoto wakilipa nauli kamili, watu wanne kwenda na kurudi ni shilingi 4,800 kwa gari moja kila upande. Boma lilijengwa mwaka 1900 kama ngome ya jeshi la Wajerumani, kwa kazi ya shuruti ya Waarusha na Wameru. Waingereza wakaligeuza ofisi za utawala, na tangu 1987 ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Bustani yake ni nyasi na miti ya kivuli, haina mapambo. Thamani iko kwenye kuta nene zilizopakwa chokaa: mwambie mtoto aweke kiganja pale, kisha mweleze ni mikono ya nani iliyozijenga. Kiingilio hutofautiana kati ya raia na mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho cha NIDA, na dai risiti.

Ngare Sero

Hii iko Usa River: nyumba ya shamba ya enzi ya Wajerumani, sasa hoteli, yenye bustani kubwa, ziwa dogo na mbega mitini. Kwa bustani, haina mpinzani kati ya hizi tatu. Kwa mfuko, ndiyo nzito kuliko zote: gari la Usa River, bodaboda ya kuingia ndani, na chakula kwa bei ya hoteli.

Ili kujua unacholipia, itazame Versailles, Ufaransa, ambako André Le Nôtre alianza mwaka 1661 kuchora bustani ya Mfalme Louis XIV: njia zilizonyooka kama uzi, ua uliokatwa kwa kipimo, chemchemi kila upande. Maji ndiyo yaliyowashinda. Ilibidi ijengwe mitambo mikubwa ya Marly, iliyoanza kazi mwaka 1684, kuyapandisha kutoka mto Seine, na bado hayakutosha. Chemchemi zikawa zinafunguliwa mfalme akikaribia na kufungwa akishapita. Kwetu mlima Meru unayateremsha wenyewe. "Ngare" ya Ngare Sero na ya Ngarenaro ni neno moja la Kimaasai, maana yake maji. Kwa hiyo Usa River unalipia mikono: wenye mikasi, wafyekaji, wafagiaji wa majani. Ni malipo ya haki, mradi uyajue mapema.

Piga simu kabla ya kwenda, uulize kama wanapokea wageni wa mchana na kama bei ya chakula ina VAT ndani. Omba bei kwa shilingi, kwani tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za humu nchini kutajwa kwa fedha za kigeni.

Uchague ipi?

Kwa Jumamosi ya kawaida, unganisha Azimio na Boma. Anzeni kwa miguu asubuhi, mbebe chapati na ndizi kutoka nyumbani, kisha mpande daladala. Fedha mliyookoa kwenye chakula isirudi mfukoni yote. Ulizeni getini kama mwongozaji yumo ndani ya kiingilio, na kama hayumo, mlipeni. Bila yeye mtoto anaona ukuta mweupe na picha za zamani. Akiwa naye, anatoka anajua kwa nini babu wa babu yake aliuchukia ukuta ule, na kwa nini sisi leo tunautunza.

Ngare Sero iwekeni akiba kwa siku ya Kipaimara au kumbukumbu ya ndoa. Siku hiyo msiharakishe: kaeni kando ya maji mpaka mbega washuke.